Mshauri Ambaye Hakula Ng'ombe wa Kabula

Jumatano, jioni. Mvua ya kupandia imenyesha hapa Sapiwi tangu alfajiri, ikapumzika adhuhuri, na sasa udongo unanukia hadi unatamani kuulamba. Miguu yangu ina matope, moyo wangu mweupe. Nimekaa kwenye kigoda mlangoni na simu mkononi, naandika kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama. Shule sikuiona. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni, na herufi za kisomo hazina haraka.

Asubuhi mwanangu Luhende aliamka amenuna, kwa sababu nilimkataza tena kujenga banda lake la kuku wa kisasa nyuma ya nyumba yangu. Nguzo alishazileta, zimelala pale tangu wiki iliyopita. Anasema kile kiwanja kimekaa bure, hakilimwi, hakijengwi, nakilinda kama mchumba. Nikamwambia kiwanja ni changu, nyumba ni yangu, na hata yeye ni wangu, nilimzaa mwenyewe. Akachukua jembe akaenda shambani ananung'unika.

Habari ya banda nitairudia. Leo nataka kuandika habari ya ndoa ya mjukuu wangu, maana leo imepata wa kuitibu.

Mjukuu ni Kabula, binti wa Luhende. Ameolewa Bariadi mjini na Maduhu, fundi pikipiki, kijana mrefu mwenye mikono ya oili na meno mazuri. Ng'ombe walikuja, kanisani walikwenda, tulicheza mpaka kitenge changu kikachanika kwenye nyonga. Mimi nilimpenda Maduhu tangu siku ya kwanza, na nikampenda zaidi nilipoona anavyokula. Mwanaume anayekula kwa furaha huwa hana hila.

Sasa mwezi uliopita Kabula akashuka hapa kwenye bodaboda, godoro limefungwa nyuma kwa mpira. Hakulia. Alishusha godoro, akanisalimia mwadila kama mtu aliyetoka sokoni, akaomba maji.

Maduhu hali ugali wake.

Anayesoma hii akiwa mjini mkubwa atasema, ndiyo hilo tu? Hapa kwetu mwanaume anaweza kumkosea mkewe kwa njia mia, lakini kuugeuzia uso ugali wake ni kumwambia mikono yako imenichosha. Asubuhi Maduhu anatoka bila chai. Mchana anakula kwa mama lishe pale stendi. Usiku anarudi, anasema ameshiba, anageukia ukuta. Hampigi. Hamtukani. Pesa ya matumizi anaweka juu ya redio bila kuombwa. Kabula aliniambia neno ambalo lilinikaa kifuani kama mfupa wa samaki: "Bibi, afadhali angenitukana, ningejua yumo ndani."

Nikamuuliza kama kuna mwanamke. Akasema alishamfuata kwa siri mpaka stendi. Alimkuta amekaa peke yake, anakula maharage, anatazama sufuria za mama lishe. Basi hapo mimi nikaachana na habari ya mwanamke. Mwenye mchepuko hali maharage peke yake.

Luhende naye, baba mtu, hakutaka maelezo. Alisema binti yake si mzigo wa kurudishwa na godoro, akawaita wazee wa ukoo waje Jumamosi hii kuzungumza kurudisha ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wenyewe hawapo. Wengine walichinjwa kwenye harusi, waliobaki walishakwenda Nkoma kumwolea mke kaka yake Kabula. Ukivuta kamba hii, na ile nyumba ya Nkoma inayumba. Lakini si ng'ombe walioninyima raha. Ni kwamba kila nilipomuuliza Kabula kama anataka kuachika, alitikisa kichwa, akainama kupepeta mchele ambao ulikuwa safi.

Anampenda. Na mimi niliona kabisa kwamba yule mwingine naye anampenda. Nikawa nakaa katikati ya watu wawili wanaopendana, wanaachana.

Nilianza kwa kujaribu mwenyewe. Kwa Wasukuma mimi na mume wa mjukuu wangu ni watani. Yeye ananiita mke mkubwa, mimi namwita mume wangu, na Kabula ni mke mdogo, tunamsema pamoja. Nikamwita Maduhu, akaja. Nikampa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai ya maziwa, akala vizuri tu, nikamtania kwamba amekonda kama baiskeli, akacheka. Nilipogusa jambo lenyewe akafuta mikono, akasema mambo yatakaa sawa mke mkubwa, akawasha pikipiki. Sikupata hata punje. Na nitasema ukweli: nilikuwa nimeshaamua nani ana makosa kabla chai haijachemka. Masikio yangu yote mawili yako upande wa Kabula, yaliota hukohuko.

Tukaenda kwa wazee wa ndoa wa kanisani. Watu wazuri. Walikaa kwenye benchi kama mahakama, wakamwambia Kabula asali zaidi na aongeze chumvi, Maduhu wakamwambia mwanaume ni kichwa. Mke wa yule mzee mkubwa alikuwa akimkanyaga mumewe mguu chini ya meza, nilimwona, lakini alichelewa. Halafu Minza, mkwe wangu, mama yake Kabula, akataka twende kwa mganga mmoja. Padri asisome hapa. Mganga akasema Maduhu amefungwa kwenye chungu cha mwanamke wa stendi. Nikamuuliza na wake zako wewe, ambao wote wanaishi kwao, nao wamefungwa kwenye chungu cha nani? Tukatoka bila kuaga.

Nilipokuwa narudi njiani ndipo nikaona kitu. Kila mtu tuliyemwendea alikula ng'ombe wa Kabula. Wazee wa ukoo walikula. Wazee wa kanisani walikula nyama ya harusi, na yule mkubwa aliomba kuongezewa. Hata mganga alikula, maana Minza alimpa mguu mzima ili azuie mvua isiharibu sherehe. Mtu ambaye ana nyama ya ndoa yako tumboni hakusikilizi wewe. Anaisikiliza ile nyama isije ikadaiwa.

Nikasema moyoni, natafuta mtu ambaye hakula.

Atapatikana wapi? Lakini siku hizi Bariadi kila kitu kinauzwa. Mimi nakumbuka miaka ya foleni, tulipokuwa tukigawana mche wa sabuni kwa uzi, na mwenye khanga mpya anaulizwa kaitoa wapi. Leo ni soko huria. Pamba inagombaniwa na makampuni, maji yanauzwa kwenye chupa, wasichana wananunua kucha, wananunua nywele za watu wa ng'ambo wasiowajua. Nikaona haiwezekani, katika biashara zote hizo, akakosekana hata mmoja anayeuza masikio.

Nikampata bila kumtafuta. Ilikuwa siku yangu ya kliniki ya presha. Nesi akapima, akapima tena, akaniuliza bibi una nini moyoni. Nikamwambia. Nadhani niliwaambia na wengine waliokuwa kwenye foleni, maana wawili walinipa pole na mmoja akaanza kunisimulia ya kwake. Nesi akasema mjini kuna mnasihi, mshauri wa ndoa, mama mmoja wa Kilimanjaro, alihamia baada ya Simiyu kuwa mkoa, chumba chake kiko nyuma ya duka la dawa kule Somanda. Nikauliza, anachoma sindano wapi? Nesi akacheka, akasema hachomi, anakaa na watu wanazungumza. Nikauliza, na anakula nini? Akasema analipwa kama fundi mwingine yeyote.

Nikaenda siku hiyohiyo kumkagua. Huwezi kumpa mtu ndoa ya mjukuu wako bila kumwangalia usoni. Anaitwa Mama Ndeshi, mnene kidogo, sauti ya chini, viatu vya kawaida. Nikamuuliza ameolewa. Akasema aliolewa, wakaachana, akaolewa tena na huyu wamedumu. Nikamuuliza wanagombana? Akasema jana tu, kwa sababu ya dirisha. Hakuona haya, hakunipamba. Nikapenda. Aliyewahi kuanguka kisimani huwa hakudanganyi juu ya kina chake. Akaniambia waje wote wawili, na kila mmoja anaweza kuja na mtu mmoja anayemwamini.

Kazi ilikuwa kumpata Maduhu. Nilimfuata gereji, nikakaa juu ya tairi, nikamwambia mume wangu, Jumatano nakutoa matembezi, wewe na mimi na mke mdogo. Akauliza kama ni polisi. Nikasema ni kwa mama mmoja anayesikiliza, hakula ng'ombe wetu hata mmoja. Akafuta spana muda mrefu, ile spana ilikuwa safi kuliko sahani zangu. Akauliza, atasikiliza nini? Lakini akasema atakuja.

Basi leo asubuhi, mimi na Kabula tumeshavaa, bodaboda inanguruma, akatokea Minza na kitenge cha Pasaka. Anasema yeye ndiye mama, yeye ndiye aliyebeba tumbo la Kabula, haachwi nyumbani. Mvua inanyesha, dereva analalamika, nikamwambia panda. Sikufikiri. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaiacha njia na kuingia kwenye majani. Lakini mimi nilidhani mambo hayo yanaishia kwenye udongo, ukishakanyaga vigae vya ofisi ya mjini hayakufuati. Kumbe yanafuta viatu na kuingia.

Tulifika, tukakaa. Chumba kina viti vya plastiki, maua ya karatasi, na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Nikajua hapa watu hulia kwa kulipia. Maduhu akaingia akitikisa maji ya mvua, akanisalimia mimi, akamsalimia Mama Ndeshi, akamwona Minza.

Akasimama kama gogo. Halafu akachukua kiti, akakigeuza, akakaa kutazama ukuta. Mgongo wote kwetu.

Mama Ndeshi hakushtuka. Kwa upole akamwomba ageuke. Maduhu akautikisia ukuta kichwa. Akamuuliza kama ana hasira. Akauambia ukuta hapana. Kama amelazimishwa kuja. Hapana. Minza naye amejifunika kitenge usoni, kama mzigo uliosahaulika stendi. Mama Ndeshi akamgeukia Kabula, akamuuliza kwa sauti ya huruma, "Na nyumbani hukaa hivihivi?"

Nilicheka mpaka kiti kikalia. Kabula alinifinya, haikusaidia. Nilipopata pumzi nikamweleza Mama Ndeshi kwamba ule si mgongo wa dharau, ni mgongo wa adabu, kijana anamheshimu mama mkwe wake kwa kadiri kiti kinavyoruhusu. Mama wa watu akaziba mdomo kwa mkono. Aliomba radhi kwa wote, akasema kwao Kilimanjaro hakulijua hilo, na leo limemkaa. Kisha akamwomba Minza asubiri nje.

Minza akatoka amevimba. Maduhu akaanza kugeuza kiti, polepole, robo, nusu. Hapo tukasikia chafya chini ya dirisha.

Kiti kikarudi ukutani kama lango la zizi.

Nikaenda dirishani mwenyewe. Minza amechuchumaa pale na mwavuli, sikio limebanwa kwenye matofali. Nikamwambia nenda sokoni ukanunue dagaa, na uchague vizuri, usirudi na mchanga. Akaniuliza nani atamsimulia. Nikamwambia hakuna. Akaenda.

Ndipo Mama Ndeshi akanitazama mimi. "Bibi," akasema, "na wewe nakuomba jambo gumu. Unyamaze."

Hakuna mtu amewahi kuniomba hilo tangu marehemu mume wangu, na yeye hakufanikiwa. Nikachukua pembe ya kitenge, nikaiuma.

Hakuuliza nani kakosa. Hakusema chumvi, hakusema kichwa. Alimuuliza Maduhu kitu kimoja tu, chakula cha nyumbani kilianza lini kumshinda, na nyumbani kulikuwa na nini siku hizo. Halafu akakaa. Alikaa kweli. Mimi kitenge kilishalowa mate. Nje ikapita pikipiki yenye injini mbovu, nikamwona Maduhu anainamisha sikio, ufundi haulali. Nikafikiri sasa atazungumzia pikipiki.

Akasema, "Ugali wake unatoka kwenye kitanda cha mtoto wangu."

Lazima nieleze hapa, nyie mnaosoma hamjui. Mapema mwaka huu Kabula alikuja kwangu kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Alijifungua kituo cha afya. Mtoto alikuwa wa kiume, mzuri, ana vidole virefu kama vya baba yake. Hakulia.

Maduhu alikuwa amemchomelea kitanda kidogo cha chuma pale gereji, akakipaka rangi ya bluu. Kabula aliporudi mjini alikikuta kimekaa kitupu pembeni ya meza. Akakipangia sufuria na sahani juu, akakitandikia kitambaa, kikawa kichanja cha vyombo. Na kila jioni alikigeukia, akatoa sahani, akampakulia mumewe.

Kabula akamgeukia. Akamwambia alifanya vile kwa ajili yake, ili akiingia asikione kitupu. Alitaka kumfichia.

Maduhu akasema hakutaka kufichiwa. Alisema siku ile alikuja mbio kituo cha afya na mfuko wa nguo za mtoto, wanawake wakamkuta mlangoni, wakamwambia arudi kazini, haya si mambo ya wanaume. Akarudi kazini. Akafunga breki za watu. Wateja waliuliza mkeo hajambo, akasema hajambo. Mkewe alipoletwa nyumbani wanawake walimjia na uji, na yeye alikuwa akifungua mlango na kuwapisha. Alisema yote hayo polepole, kwa sauti ileile anayomwambia mtu pikipiki yako inataka cheni. Halafu akamwangalia Kabula.

"Mwanangu alizikwa wapi?"

Kabula akafungua mdomo. Akasema hajui. Alikuwa kitandani kituoni, hakuna aliyemwambia, na yeye aliogopa kuuliza. Alidhani Maduhu alioneshwa, anajua, na amechagua kunyamaza. Na Maduhu alidhani Kabula ndiye anajua na anamnyima.

Wakageuka wote wawili wakanitazama. Mama Ndeshi naye akanitazama.

Nikatoa kitenge mdomoni.

Mtoto asiyelia, kwetu, huzikwa na wanawake wazee. Hawekewi matanga, hasemewi pole, watu hawamtaji, ili tumbo la mama lisiogope kubeba tena. Ndivyo mama zetu walivyofanya, na kwa mama zetu ilikuwa huruma. Tulikuwa wazee watatu asubuhi ile. Mmoja amekwishatangulia, mwingine siku hizi ananiita kwa jina la dada yake. Nimebaki mimi. Nilikilinda kile kiwanja kwa ukali, nikakatalia jembe, nikakatalia maboga, nikakatalia kuku wa kisasa, na haikunijia hata siku moja kwamba kuna watu wawili mjini wanakitafuta.

Nikawaambia, "Yupo nyuma ya nyumba yangu. Kwenye kile kiwanja ninachogombania na baba yako. Nilimfunga kwa kitenge changu kizuri."

Maduhu akaacha kiti, akachuchumaa mbele yangu, akaweka kichwa kwenye magoti yangu. Alilia kama mtu anayekohoa. Kabula akashuka naye chini, akamshika shingo. Mimi nikasema neno ambalo lilipaswa kusemwa zamani, nikalisema kwa Kisukuma na kwa Kiswahili ili lisipotee njiani. "Pole, mume wangu. Pole sana. Umefiwa."

Mama Ndeshi alisogeza lile boksi la karatasi. Nikachukua mbili, moja ya macho, moja nikaifunga kwenye pembe ya kitenge. Zimelipiwa.

Mwishoni alituambia kazi haijaisha, warudi Jumatano ijayo, na habari ya kitanda waiamue wao wawili, wasikimbizwe na mtu. Akanikazia macho aliposema mtu. Mlangoni akaniuliza mimi nani huwa ananisikiliza. Nikamwambia nina simu.

Nje mvua imekatika. Maduhu akamuuliza Kabula ana njaa. Swali la kawaida kabisa, mtu angepita asiligeukie, lakini Kabula alijifunga kitenge upya kwa swali hilo kama anayekwenda ngomani. Tukaenda kwa mama lishe wa stendi, yule wa chungu cha mganga, kumbe ni bibi mwenzangu mwenye jino moja. Maduhu alikula maharage yake, halafu akaanza kula ya Kabula kwenye sahani yake. Sikumwangalia sana, nisije nikaharibu.

Wakati huohuo Minza akatokea na dagaa. Alipomwona mkwe wake akajificha nyuma ya muuza mahindi. Maduhu naye alishamwona, akaruka kuvuka barabara ampishe. Minza akavuka upande uleule ampishe yeye. Wakarudi wote. Wakavuka wote. Walicheza hivyo katikati ya Bariadi mpaka bodaboda zikasimama kuwatazama, na Kabula akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kina mluzi mwishoni.

Kabula amerudi nami, maana mke aliyeondoka na godoro harudi kwa kucheka mara moja. Lakini kesho asubuhi Maduhu anakuja, wakaone mahali. Kabula ameomba apike mwenyewe. Ameshaloweka nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa sababu Maduhu huyala hadi anafuta chungu kwa kidole.

Tulipofika nilimwita Luhende nyuma ya nyumba, nikamwonyesha kwa mkono, nikamwambia kilichopo. Mwanangu ni mtu wa maneno mengi, alichukua hilo kwangu. Leo alivua kofia. Alisimama pale mpaka nikamwacha. Nilipokuwa natafuta moto wa chai nikasikia kitu kinaburutwa, nikachungulia. Anazihamisha nguzo za banda, moja moja, anazipeleka upande wa zizi, na anazibeba begani ili zisiburute udongo wa pale. Ile ya kwanza tu ndiyo aliyoiburuta.

Baadaye akaja kuniuliza awaambie nini wazee wa Jumamosi, maana amewaita, na wazee ukiwaita wanakuja. Nikamwambia waje. Wale ng'ombe waliwala, sasa wafanye kazi yao. Watakaa hapa uani, na kila mmoja atasimama, atampa Maduhu mkono, atamwambia pole, umefiwa. Kisha atampa Luhende pole, amefiwa mjukuu. Mzee atakayetaja ng'ombe hatapata mchuzi. Luhende akasema atachinja jogoo. Nikamwambia wawili, wazee hao nawajua.

Minza ndiye tatizo lililobaki. Anataka naye ampe mkwewe pole, na hawezi kumtazama. Amekubali atasimama nyuma ya ukuta wa jiko aiseme kwa sauti.

Basi. Jua linazama, dagaa wananukia, hawana mchanga hata mmoja, lazima nimsifu. Kesho nitampeleka Maduhu na Kabula mpaka pale nyuma, nitawaonyesha kwa mkono, kisha nitarudi mlangoni kwangu niwaache wenyewe. Sitawafuata. Sitawaambia walie vipi wala wasimame wapi. Nitajaribu kunyamaza kwa mara ya pili maishani mwangu.

Kitenge nimeshakifua, kinakauka.